Kijijini Siri ya Mteja Inalindwa kwa Miguu

Wiki hii nimepata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa kijana aliyemaliza stashahada ya ustawi wa jamii. Amepata mkataba na shirika linalofanya kazi vijijini huko Arusha. "Shikamoo dada, naomba uzoefu wako, na uniambie kama nikope ninunue pikipiki ya kazi." Ameanza vizuri. Halafu akamwaga kesi nzima: jina la mtoto, darasa, shule, jina la baba, na picha ya mtoto mwenyewe amesimama mbele ya nyumba yao. Nilifuta kila kitu kabla hata sijaitika marahaba, kisha nikamwambia naye afute, na amtafute kila aliyemtumia.

Hana nia mbaya. Anataka kusaidia, na najua wengi mnaonisoma mko kama yeye: mmesoma Kijitonyama au Tengeru, ndugu wamewaambia mngesomea uhasibu, nanyi mmekaza kwamba mnataka kazi ya watu. Ninyi ndio ninaowaandikia. Wale wanaosubiri semina na posho wataniwia radhi.

Chuoni siri ya mteja tunafundishwa kwa habari za faili, kabati na funguo. Ukifika kijijini unakuta ofisi yako ni kona ya ofisi ya mtendaji. Benchi moja, mlango haufungi vizuri, na nje wamekaa wazee wanasubiri barua za utambulisho. Mwanamke aliyepigwa na mumewe akiingia hapo, kabla hajafungua mdomo habari imeshafika dukani, kilabuni na kwa mama mkwe. Na mtendaji huenda ni binamu wa huyo huyo mume. Kabati la nini hapo?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kusema kweli hata wa mwisho, ni kwamba kijijini siri unailinda kwa miguu yako: unapita njia ipi, umefika na usafiri gani, na umeanzia nyumba ya nani.

Haya niliyashika upande wa Longido, nikiwa na shirika ambalo sitalitaja. Kata nayo sitaitaja, na mambo kadhaa nimeyabadilisha ili hata wa ukoo ule akisoma asiwajue ni nani.

Siku ya mnada mwalimu mmoja wa sekondari alinivuta pembeni. Binti wa kidato cha pili hajarudi tangu likizo ya Desemba. Yeyo mmoja, mama wa Kimaasai anayeuza shanga, akanimalizia: baba ameshapokea mitamba. Niseme hapa hapa kwamba mnada ni ofisi bora kuliko zote nilizowahi kupewa. Kila mtu yuko pale, kila mtu anaongea na kila mtu, nyama inachomwa, akina mama wamekaa chini na shanga zao, na hakuna anayeshangaa ukichutama muda mrefu unachagua bangili. Niliyoyapata kwa kununua bangili sijawahi kuyapata kwenye dodoso.

Nikaenda kwa afisa ustawi wa halmashauri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mitaa, na mimi si wa kuikwepa sheria. Tukapanga vizuri: niende kwa miguu, nipitie maboma ya jirani kwanza, niongee habari za maji na michango ya shule, halafu nifike kwa bibi yake binti kama mgeni yeyote. Bibi ndiye mlango. Bosi wangu mjini akasema hapana. Mfadhili yuko nchini, twende na gari, mfadhili aone uokoaji.

Wanaoijua Longido wanajua. Kiangazi, gari likiacha lami ya Namanga, vumbi lake linaonekana mpaka boma la mwisho. Na letu lilikuwa Land Cruiser nyeupe yenye nembo mlangoni kubwa kama sinia la pilau. Tulipofika tulikaribishwa maziwa kwa heshima zote, tukaambiwa binti yuko kwa shangazi. Shangazi anakaa wapi? Mzee akanyoosha fimbo kaskazini. Kaskazini ni Kenya.

Nilikuwa nimeyasema hayo kwenye kikao, yakaandikwa kwenye muhtasari. Sitajifanya nimesahau.

Baadaye, mfadhili akiwa amesharudi kwao, nilikwenda kwa miguu na yule yeyo wa shanga. Watoto walituinamishia vichwa tukavigusa, tukaingia ndani kwa bibi. Moshi unawasha macho, giza, na yeye anatunga shanga kwa kupapasa bila kuzitazama. Akaniuliza mimi ni wa nani, nina watoto wangapi, mbona wachache. Akauliza baba yangu ana ng'ombe wangapi. Nikamwambia wawili, tena wa ndani, tunawakatia majani. Alicheka mpaka akakohoa. Kwake ng'ombe anayeletewa chakula kitandani ni mgonjwa. Tuliongea mengi na binti hakutajwa hata kidogo, sikumtaja mimi wala yeye. Nilipoinuka kuaga ndipo akasema, macho yakiwa bado kwenye uzi, "Huko alikopelekwa hawana maziwa."

Nikajua bibi yuko upande wetu.

Kilichofuata kilikuwa kirefu na sehemu yake kubwa inachosha, nitaruka. Ilibidi kukaa chini ya mti na laigwanani, kiongozi wa mila wa Wamaasai, na mzee mmoja alikuja amejiandaa kuliko wanasheria wengi: Sheria ya Ndoa ya 1971, akasema, inamruhusu binti wa miaka kumi na tano kuolewa mzazi akiridhia. Maandishi aliyataja sawasawa. Nikamweleza kwamba Mahakama Kuu ilishaamua mwaka 2016 kuwa vifungu hivyo, cha 13 na cha 17, vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Hakutikisika. Kilichomtikisa ni mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya 2016, kwamba anayemwoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Maana anayefungwa hapo ni kijana wao, mkwe mwenye ng'ombe. Tangu hapo mjadala ukawa mitamba itarudije, na hilo laigwanani analijua kuliko mimi na wewe.

Binti alirudi shule. Wanafunzi wenzake waliambiwa alikuwa anauguza shangazi yake, na mimi niliyekuwa na faili lote niliwaambia hivyo hivyo. Afisa ustawi alijua ukweli, mwalimu alijua, na dawati la jinsia polisi lilikuwa tayari kama wazee wangegoma. Wengine hawakuhitaji kujua.

Nisieleweke vibaya. Kukaa na wazee ni kwa jambo ambalo bado halijatokea. Mtoto akishabakwa au kukeketwa usiende chini ya mti. Nenda kituo cha afya na polisi, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na ukikwama piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Ukeketaji wa mtoto ni kosa la jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kifungo miaka mitano hadi 15. Nimeona wazee wakimaliza ubakaji kwa mbuzi na blanketi, na nimeona maafisa wakikaa nao wanakunywa soda. Sitaki kusikia wewe ni mmoja wao.

Sasa kuhusu lile shirika. Mwisho wa mwaka likatoa kalenda. Mwezi wa sita: binti yetu, shuka jekundu, jina lake la kwanza, na maneno kwamba ameokolewa kutoka ndoa ya utotoni. Kalenda zikagawiwa kata kwa kata. Moja ikatundikwa ofisi ya mtendaji wa kata yake, juu ya benchi lile la wazee. Shangazi wetu mgonjwa akafia ukutani pale. Binti aliacha shule muhula mzima.

Niliandika barua, ya heshima, na nakala ninayo. Mkataba wangu ulipoisha nikaambiwa bajeti imebadilika. Nafasi yangu ilijazwa mwezi huo huo na mtu anayepiga picha nzuri. Watu huniambia niachilie. Nimeachilia mengi, hilo bado.

Binti amemaliza kidato cha nne. Mengine ni yake.

Siku hizi niko Moshi vijijini, kwetu mlimani, na nilidhani kazi itakuwa nyepesi kwa sababu naongea lugha ya watu. Ni ngumu zaidi. Huku hakuna vumbi la kukutangaza, kuna migomba. Unaweza kupita hatua chache na mlango wa mtu usiuone, lakini kikohozi chako kimesikika vihamba vitatu, yaani mashamba ya ukoo yenye nyumba ndani yake. Halafu kila mteja ni ndugu. Mjane anayefukuzwa kihambani na shemeji zake, unakuta shemeji mmoja alisoma na kaka yako na mwingine ndiye aliyesimamia harusi yako.

Huku nimejifunza kumenya ndizi. Sina utani. Ukifika na daftari ukaliweka mezani, mama atakuambia mambo ni mazuri, tunamshukuru Mungu. Ukikaa naye jikoni mkamenya ndizi za mtori, mikono imeshika utomvu, macho yote yako kwenye kisu, anaongea. Hamtazamani, na hilo ndilo linalomfungua. Jirani akichungulia anaona wanawake wawili wanamenya ndizi. Kwa wanaume sina uzoefu huo. Kaka mmoja wa ustawi huniambia yeye hupalilia kahawa na wenye nyumba, nami namwamini kwa sababu viganja vyake vinaonyesha. Jumuiya nazo zinasaidia, hasa dakika zile za kuosha vikombe baada ya sala.

Na fanya kazi kabla ya Desemba. Ninyi mnaotoka huku mnanielewa. Krismasi magari yote ya Dar yanapanda mlima, ukoo unakaa, mbege inazunguka, na kikao kimoja cha jioni kinaamua nani abaki kihambani na nani aondoke. Ukisubiri mpaka mjane akuletee malalamiko Januari, umechelewa, masale mapya yameshapandwa mpakani. Mimi huanza Septemba, mmoja mmoja. Natafuta yule shemeji ambaye dhamiri inamsumbua, yupo kila ukoo, na namwachia yeye aseme kikaoni kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi. Akisema yeye ni busara ya ukoo. Nikisema mimi ni yule binti wa fulani aliyesoma akaharibika. Na kama jambo litafika baraza la kata, mwambie mjane mapema kwamba tangu 2021 baraza hilo kwenye ardhi linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Wapo wanaotishwa na "hukumu" za baraza mpaka leo.

Nikienda kumwona mteja mmoja, naingia nyumba kadhaa. Hiyo inachosha, na mabosi wanaohesabu kesi hawaipendi, maana nyumba za kusindikizia hazijazwi kwenye fomu. Zijaze kichwani. Kwenye daftari ninalotembea nalo hamna jina la mtu, kuna alama ninazozijua mimi. Majina yako kwenye faili, faili liko halmashauri. Simu yangu haina picha ya mtoto wa mtu hata moja. Msiniambie mfadhili anataka ushahidi. Mfadhili apewe idadi, apewe risiti, apewe barua ya mkuu wa shule. Anayetaka sura ya mtoto ajiulize kama angetuma ya wa kwake. Na ninyi vijana mnaopiga selfi na watoto yatima mkaweka moyo mwekundu na aya ya Biblia, mnajisaidia ninyi. Mtoto yule atakuwa mtu mzima, ataomba kazi, ataoa, na picha yako itakuwa bado ipo.

Najua nimekuwa mkali. Kuna mtu atasema dada ana kinyongo. Ninacho, na bado niko sahihi.

Halafu ile habari ya pikipiki, kama ukope ununue. Kwa Longido, Monduli na Ngorongoro, ndiyo, umbali hautanii. Nunua iliyotumika, ya rangi na aina ile ile wanayoendesha bodaboda wote wa kule, usibandike stika yoyote, na iache kwenye duka au zahanati, umalizie kwa miguu. Kwa mlimani usikope. Panda hiace na akina mama wanaotoka soko la Kiborloni, wape siti ya mbele, shuka kituo kimoja kabla.