Wasomaji Wanauliza: Kumkumbuka Baba kwa Kazi Zake

Shikamooni. Mwezi ujao tuna misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa baba yetu. Alikuwa fundi wa msumeno kwenye kiwanda cha mbao, baadaye akapanda paini zake ekari tatu na kutusomesha watoto wote sita. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake. Ule uliosomwa siku ya mazishi ulikuwa tarehe tupu. Nianzie wapi? – Binti, Mafinga

Marahaba, na poleni sana. Wasifu wa mazishi huandikwa usiku mmoja, huku watu wanahangaika na jeneza na gari, ndiyo maana huishia kuwa tarehe. Safari hii muda mnao, utumieni kuuliza watu.

Anza na mama, mkiwa wawili tu. Akiulizwa kikaoni atajibu kwa kifupi. Kisha watafute waliosimama naye kwenye msumeno. Ninyi watoto mnamjua baba wa jioni. Baba wa mchana wanamjua wenzake wa kazi.

Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani. Watakwambia alikuwa mpole na mcheshi, na hayo husemwa kwa kila marehemu. Uliza alifika kiwandani saa ngapi, nani alijifunza kwake kunoa msumeno, na mshahara ulipochelewa karo ilitoka wapi. Uliza shamba lilipatikanaje na nani walishika jembe siku ya kupanda. Hapo ndipo wasifu unapopata uzito. Paini zikipandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, ekari moja huingia miche kama 450. Kwa hiyo ekari zake tatu ni miche zaidi ya 1,300, na kila mmoja ulichimbiwa shimo lake. Liandikeni hivyo, maana watu wa Mufindi wanaijua kazi hiyo na wataielewa bila kuongezewa sifa.

Kwenye miaka ndipo wengi hukosea. Linganisha cheti cha ubatizo, kitambulisho cha taifa na kadi ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Vikitofautiana, uliza kwa kufuata matukio: Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967 alikuwa darasa la ngapi? Reli ya TAZARA ilipojengwa, 1970 hadi 1975, alikuwa ameshaoa? Vita vya Kagera vilimkuta akifanya kazi wapi? Ikishindikana kabisa, andika “mwanzoni mwa miaka ya 1950” na usitunge tarehe.

Majina ya watoto ni jambo nyeti. Kama kuna aliyezaliwa nje ya ndoa na baba alimtambua, aandikwe. Lakini hilo liamuliwe na kikao cha familia kabla ya kuchapa. Tumeona misa ikivurugika kwa jina moja lililorukwa. Habari za ugonjwa zitoshe sentensi mbili, na mama azikubali kwanza.

Lenga kurasa mbili, herufi za ukubwa wa 16, zilizochapwa upande mmoja tu. Ni kama dakika tano hadi saba za kusoma. Msomaji awe mpwa au mkwe mwenye sauti ya kutulia, na nakala ya pili ashike mtu mwingine aliye tayari kuendelea akishindwa katikati.

Kaburi la baba tulilijengea wiki mbili baada ya mazishi, tukabandika marumaru. Mvua zimepita, zege limepasuka katikati na marumaru zinabanduka. Fundi anataka kuziba ufa kwa saruji. Tumkubalie? – Msomaji, Tukuyu

Msimkubalie. Tatizo liko chini. Udongo uliorudishwa kaburini huwa umelegea, na jeneza likioza hushuka tena. Mvua za Tukuyu zinauzamisha, zege linabaki halina cha kuliegemeza, na kama halina nondo hukatika. Maji yakishapita kwenye ufa, marumaru haziwezi kushika.

Bomoeni. Acheni udongo upitishe msimu mzima wa mvua, Novemba hadi Mei, mkijazia kila unapodidimia na kushindilia tabaka za sentimita 15. Msalaba wa mbao wenye jina unatosha kwa wakati huo, na si aibu hata kidogo.

Juni au Julai jengeni upya. Msingi ukae kwenye udongo ambao haukuchimbwa, angalau sentimita 30 nje ya ukingo wa shimo kila upande. Hili ndilo mafundi wengi hulipuuza: wanajenga ndani ya shimo lenyewe. Mfuniko wa zege ulale juu ya msingi huo, unene sentimita 10, nondo za milimita 10 zikipishana kila sentimita 20, zikiinuliwa kwa vijiwe sentimita tatu kutoka chini. Mchanganyo ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Fundi akiongeza ili zege litiririke, analidhoofisha. Mfuniko wa mita 2.4 kwa 1.4 unakula kama mifuko miwili na nusu. Upeni mteremko kidogo, ufunikeni kwa magunia yaliyolowa siku saba, na marumaru zisubiri wiki nne.

Maneno ya kwenye kibao yasomwe na watu wawili wenye cheti cha marehemu mkononi kabla ya kuchongwa. Herufi ikishachongwa kwenye jiwe haifutiki.

Picha pekee ya babu imeanza kufifia na imegandia kwenye kioo cha fremu. Tuitoeje? – Mjukuu, Njombe

Msiivute, rangi itabaki kwenye kioo. Ipigeni picha kwa simu ikiwa humo humo ndani ya fremu, karibu na dirisha wakati wa mawingu, bila mwanga wa simu, mkisimama pembeni kidogo ili kioo kisiakisi. Pigeni kadhaa, halafu iliyo wazi zaidi mpelekeeni fundi wa studio aisafishe na kuichapa. Ile ya asili itundikwe ukuta usiopigwa na jua wala moshi wa jikoni. Kwenye picha nyingine za familia andikeni majina nyuma kwa penseli laini, wakati bibi bado anawatambua waliomo.