Unaanza ikolojia? Anza kwa kuuliza nani aliyetengeneza hali unayoiona

Wengi mnaojiunga na kazi hii mmefika na somo moja lililokaa vizuri kichwani: kiumbe hujirekebisha mpaka aendane na mazingira yake. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Ukiingia porini na nusu hiyo utapima mvua, joto na aina ya udongo, kisha utaorodhesha mimea na wanyama kana kwamba ni wapangaji tu katika nyumba waliyoikuta. Udongo huohuo uliotia kwenye mfuko wa sampuli umepita matumboni mwa nyungunyungu na mchwa. Oksijeni unayovuta wakati unaandika ilianza kujaa hewani miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita, ikiwa taka ya bakteria wadogo wa majini waliojifunza kutumia mwanga wa jua. Kwa viumbe wengi wa wakati ule taka hiyo ilikuwa sumu.

Kwa hiyo kila mara ukikuta hali fulani, uliza: kama kiumbe huyu angeondolewa, hapa pangekuwaje? Swali linasikika jepesi. Kulijibu ndiyo kazi yenyewe.

Njia ya moja kwa moja ni kumwondoa kweli, yaani kuzungushia eneo uzio na kulinganisha ndani na nje. Mfano ninaowapa wageni wote ni wa Mpala, Laikipia, nchini Kenya, ambako tangu 1995 kuna vipande vya ardhi vilivyozungushiwa uzio wa namna mbalimbali. Vingine huzuia tembo na twiga peke yao, vingine huzuia wanyama wote wakubwa wala majani. Miti mingi ya pale ni migunga yenye miiba iliyovimba, na ndani ya miiba hiyo huishi sisimizi. Mti huwapa makazi na utomvu mtamu. Wao humrukia yeyote anayekuja kutafuna matawi. Sasa fikiri: ukiwaondoa tembo na twiga, mgunga si utanawiri? Baada ya miaka kumi ilikuwa kinyume. Mti usioliwa ulipunguza malipo, ukatoa utomvu kidogo na miiba michache ya kukalia. Sisimizi walinzi wakapungua, nafasi yao ikachukuliwa na aina nyingine isiyolinda, ambayo huwaacha mbawakawa watoboe shina. Miti ndani ya uzio ikawa inakua polepole zaidi na kufa zaidi kuliko ile inayotafunwa kila siku.

Kaeni na mfano huo kabla ya kwenda mbele, kwa sababu una mambo mawili ambayo vitabu vya mwanzo huyapitia haraka. Kwanza, athari haikupita njia iliyonyooka kutoka kwa tembo hadi mti. Ilizunguka kupitia mdudu. Pili, ilihitaji muda. Aliyepima msimu mmoja au miwili na kufunga daftari angeondoka na jibu jingine, na angelitetea kwa takwimu safi kabisa.

Laikipia hiyohiyo imetoa mnyororo mwingine, uliotangazwa 2024. Sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa wamevamia na kuwaua sisimizi walinzi. Tembo sasa wanavunja migunga bila kuumwa, uwanda umekuwa wazi, na simba wamekosa vichaka vya kuvizia pundamilia. Wamegeukia nyati. Mdudu mdogo kama chembe ya mchele amebadilisha chakula cha simba bila kukutana naye.

Ukisikia minyororo ya namna hii utaipenda, na hapo ndipo ninapokuomba uwe mgumu kidogo. Chora mishale kwenye daftari: huyu anaathiri yule, yule anaathiri kile. Kisha kwa kila mshale jiulize kipimo gani kingeonyesha kwamba haupo. Mshale usio na kipimo uandike kwa kalamu ya risasi. Hadithi ya mbwa mwitu wa nchi za baridi (wolf) waliorudishwa katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, kuanzia 1995, imesimuliwa duniani kote kwamba waliwapunguza kulungu, miti ikarudi, hata mito ikabadilika. Wataalamu bado wanabishana ni sehemu gani hasa ya mabadiliko yale ilitokana na mbwa mwitu, maana kulikuwa pia na dubu, wawindaji, ukame na mabwawa ya biva, mnyama anayeziba mito kwa miti, yaliyokuwa yametoweka zamani. Mimi naitumia kufundishia, ila kama mfano wa mjadala.

Serengeti ina kisa kilichopimwa vizuri zaidi. Sotoka, ugonjwa wa kirusi unaowapata ng'ombe, ilikuwa ikiwaua nyumbu. Ng'ombe wa maeneo ya jirani walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, nao wakaongezeka kutoka robo milioni hivi hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Walikula nyasi nyingi, zikabaki kidogo za kuungua, moto ukapungua, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Angalia aliyeshika mpini: kirusi. Ukihesabu wanyama na miti peke yake hutamwona.

Jambo jingine linalowasumbua wapya ni hamu ya kutoa hukumu, kiumbe huyu ni mzuri, yule mharibifu. Nyungunyungu anasifiwa kila mahali kwa kulegeza udongo. Lakini misitu ya kaskazini mwa Amerika Kaskazini, ambayo barafu ya zamani iliiacha bila nyungunyungu wa asili, inapovamiwa na wale wa kutoka Ulaya hupoteza tabaka la majani yaliyooza ambalo mimea mingi ya chini huota juu yake. Mnyama ni yuleyule na kazi ni ileile. Viboko wa mto Mara nao hula nchi kavu usiku na kujisaidia majini mchana. Samadi yao hulisha wadudu na samaki, na mvua kubwa ikiikurupua kutoka kwenye vidimbwi, maji ya chini hukosa oksijeni na samaki haohao hufa. Andika nani amepata, nani amepoteza, wakati gani. Neno "uharibifu" liache mpaka ulihitaji.

Kuhusu muda, Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, alitawanya vipande vya chokaa juu ya shamba mwaka 1842, akachimba mtaro 1871 na kukuta mstari mweupe sentimita 18 hivi chini ya nyasi, umezikwa na kinyesi cha nyungunyungu. Miaka 29 ya kusubiri! Hakuna mfadhili wa leo atakayekubali, lakini unaweza kusoma muda ulioachwa na wengine. Kusini-magharibi mwa Kenya kuna maeneo yenye nyasi nzuri ambayo ni maboma ya wafugaji wa kale, yaliyohamwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Samadi ya mifugo iliacha fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi ardhini, wanyama pori wakavutwa na nyasi, nao wakaongeza samadi yao. Binadamu naye muweke kwenye orodha ya viumbe.

Kazi ya kwanza nitakayokupa pengine itakuwa kupima jinsi mchwa wa kichuguu wanavyobadilisha rutuba ya udongo, kwa hiyo hili likusaidie. Usichukue udongo wa juu ya kichuguu na wa "mbali" ukaita hiyo ulinganisho. Chukua juu, ukingoni, kisha kwa umbali unaoongezeka kuelekea pande kadhaa, kwa sababu maji na wanyama husambaza rutuba upande mmoja kuliko mwingine. Hesabu vinyesi kila unapochukua sampuli, maana swala wanaokuja kula nyasi za pale nao wanarutubisha, na bila hesabu hiyo utampa mchwa sifa zote. Andika pia kama kichuguu kina mchwa au kimehamwa. Vilivyohamwa usiviruke; ndivyo vitakavyokuambia athari inadumu kiasi gani mwenyewe akishaondoka.