Wadogo zangu wa wodini, andikeni muda wa Clexane

Wiki hii nimewaona tena: mnachoma enoksaparini (ndiyo hiyo Clexane, dawa ya kuzuia damu kuganda) haraka, bomba mnatupa kwenye boksi, saini "nitaweka baadaye." Nawapenda na najua mnavyojituma, ila kwa hili sinyamazi.

1. Saini na saa, palepale kitandani. Kuna bibi alivunjika paja, akawa anasubiri upasuaji. Kinga yake ilikuwa miligramu 40 kila saa 12 jioni. Siku moja dawa iliisha wodini, ndugu wakahangaika kuitafuta nje, ikafika usiku wa manane. Muuguzi, tena hodari sana, akamchoma saa 10 alfajiri. Kabla hajashika kalamu, kitanda cha pili kikazidiwa. Akakimbilia huko, zamu ikakabidhiwa, chati ikabaki tupu.

Saa 4 asubuhi bibi yuko tieta, amekalishwa, mgongo umeshapakwa dawa, tayari kwa sindano ya ganzi ya uti wa mgongo. Kwa kusoma chati, dozi ya mwisho ilikuwa ya juzi jioni. Daktari wa usingizi akauliza tu, kama kawaida yake: "Bibi, sindano ya tumbo walikuchoma lini?" Bibi akajibu, "Leo, mwanangu, kabla ya adhana." Sindano ikarudishwa kwenye trei.

Yalikuwa yamepita masaa 6. Baada ya dozi ya kinga tunasubiri angalau 12. Baada ya dozi ya tiba, 24. Ukichoma mgongo mapema, damu inaweza kuvujia ndani ya mfereji wa uti wa mgongo na kukandamiza neva, na miguu ikipooza mnabaki na masaa machache ya kuiokoa. Bibi alirudishwa wodini na njaa yake na paja lake lililovunjika, binti yake akalia koridoni. Chati ingekuwa na saini, asingepelekwa kabisa. Je, angekuwa na usingizi, au hasikii vizuri?

Na katheta ya epidura (mrija mwembamba wa ganzi mgongoni) ikitolewa, dozi inayofuata isubiri angalau masaa 4.

2. Choma tumboni pembeni, sentimita 5 kutoka kitovuni, leo kulia kesho kushoto. Kipovu cha hewa kiacheni kama mnatoa bomba zima. Msisugue. Msichome kwenye msuli.

3. Ulizeni figo. Uchujaji ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, dozi hupunguzwa.

4. Heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, someni kichupa: kuna cha uniti 1,000 kwa mililita na cha 5,000. "Uniti" iandikwe yote, maana herufi U imeshasomwa sana kama sifuri, na hapo dozi inakuwa mara kumi. Kama mgonjwa yupo kwenye enoksaparini, heparini ya nini tena? Plateleti (chembe za kugandisha damu) zipimwe, zikianguka nusu kuanzia siku ya 5, simamisheni na muite daktari.

5. Enoksaparini hutokana na utumbo wa nguruwe. Mgonjwa Muislamu aambiwe mapema. Mbadala ni fondaparinuksi, kama inapatikana; yenyewe hutengenezwa maabara. Mzee mmoja alizisikia habari hizi kutoka kitanda cha jirani, akakataa kila sindano, hata ya antibiotiki. Ilibidi tukae naye tuanze upya, tumweleze hatari ya damu kuganda mguuni na kupanda mapafuni. Akampigia shehe wake, wakaongea kwa muda mrefu, kisha akafunua tumbo mwenyewe.