Mfumo umechakaa? Usikimbilie kuandika upya

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia: mfumo wao umejengwa kwa CodeIgniter 3, kiunzi cha zamani cha lugha ya PHP, bosi anataka utupwe wote waanze upya na Laravel, kiunzi kingine cha PHP. Afanyeje? Ndugu yangu, umenitonesha kidonda.

Niliwahi kutunza mfumo wa mikopo wa SACCOS moja ya walimu. Ulikuwa mbaya, sibishi. Faili la marejesho lilikuwa refu kama treni ya mizigo, HTML ya kurasa na SQL ya kuulizia databesi zimechanganyikana humo humo. Nikashauri tuurekebishe kipande kipande. Kikaoni nikaambiwa naogopa teknolojia mpya, kazi wakapewa vijana wa nje. Haya.

Katikati ya faili lile palikuwa na sharti moja la if, juu yake kumeandikwa: "usiguse hapa". Lilizuia faini kwa mwanachama anayekatwa kwenye mshahara, hata kama mwajiri kachelewa kuwasilisha makato. Vijana wakaona ni uchafu, hawakuliweka kwenye mfumo mpya. Mfumo mpya ulipowashwa, ukawatoza faini walimu ambao walishakatwa. Walijaa ofisini, salari slipu mkononi. Na nani alipigiwa simu usiku aje kurekebisha? Yule yule mwoga wa teknolojia.

Wakubwa nao yamewakuta. Netscape waliamua kuandika upya kivinjari chao: toleo la 4 lilitoka 1997, la 6 likaja 2000, la 5 halikutoka kabisa. Huku nyuma kivinjari pinzani, Internet Explorer, kikawachukulia watumiaji.

Vijana, mnapenda kuanza upya kwa sababu kusoma msimbo wa mwenzako kunachosha. Vumilieni! Someni! Kila mstari wa ajabu una mtu aliyelia kabla haujaandikwa.

Kama bado mko PHP 5.6, anzeni hapo. Marekebisho yake ya usalama yalikoma mwisho wa 2018. Mkipanda kwenda 7 au zaidi, kila mysql_query (amri ya zamani ya PHP ya kuuliza databesi) itagoma, maana iliondolewa, kwa hiyo zibadilisheni kwanza. Kisha isimamisheni Laravel pembeni ya mfumo wa zamani, databesi ile ile, Nginx, seva inayopokea maombi ya kurasa, ipeleke kurasa chache tu upande mpya. Ripoti zitangulie, kwa kuwa zinasoma tu, hazibadilishi kitu. Marejesho na riba viwe vya mwisho, na kila sharti msilolielewa, muulizeni mhasibu kabla hamjalifuta.