Kwenu Mnaoanza Kutega Kobe wa Majini

Juma lililopita, kwenye lambo moja huku Bahi, niliwakuta vijana watatu wapya wa utafiti wa kobe wakifunga mawe kwenye migono, yaani mitego yetu, ili izame yote, nami nikaanza kupiga kelele nikiwa bado juu ya pikipiki, kabla hata ya salamu. Wadogo zangu, nawapenda, lakini kosa hili nimeliona mara nyingi mno.

1. Sehemu ya juu ya mgono ibaki nje ya maji. Kobe huyu hupumua kwa mapafu, jambo nililolijua vizuri tangu darasani, na bado katika msimu wangu wa kwanza nilizamisha migono minne nikihofia kwamba wachungaji wangeiona na kuichukua. Nilitia utumbo wa kuku, nikapanga kurudi usiku uleule, lakini mvua ilinyesha, korongo likajaa, nikavuka saa tatu asubuhi. Mgono wa kwanza ulikuwa na kobe wanne, shingo zimelegea nje ya magamba, wala hakuna hata mmoja aliyekunja shingo ubavuni kama afanyavyo aliye hai anapoguswa. Katika mgono wa tatu alikuwamo jike ambaye, tulipompasua kwa ajili ya kumbukumbu, tulimkuta na mayai tumboni. Mzee wa Kigogo aliyekuwa akinywesha mbuzi alimgeuza yule jike mikononi, akaniambia, “Mwanangu, huyu anavuta pumzi kama mimi na wewe. Mbona umemziba pua?” Sikuwa na jibu. Katika safu ya hali ya mnyama niliandika “amekufa” mara tisa, na daftari hilo ninalo hadi leo. Tangu siku hiyo hufunga madumu matupu ubavuni mwa mgono ili uelee hata maji yakipanda, na hulala palepale lamboni.

2. Mkishamwandika kobe, mrudisheni kwenye lambo alilotoka.

3. Lambo lililokauka msiliandike kuwa halina kobe. Mvua zetu zikikoma, Pelomedusa, jenasi mojawapo ya kobe hawa wa majini, hujifukia ardhini akasubiri msimu ujao, na ndiyo sababu ufukuaji wa tope wakati wa kiangazi ni hatari kwake. Ulizeni serikali ya kijiji tarehe ya kazi hiyo mapema. Mimi niliwahi kuchelewa siku moja tu, nikakuta magamba yaliyopasuliwa na majembe yamechanganyika na udongo ukingoni.

4. Gamba la tumbo likiwa na bawaba mbele, huyo ni Pelusios, jenasi nyingine ya kobe wa majini. Lisipokuwa nayo, andikeni Pelomedusa, na jina la spishi lingoje kipimo cha vinasaba, kwa kuwa mwaka 2014 Pelomedusa, iliyodhaniwa kuwa na spishi moja tu, iligawanywa kuwa spishi 10, mojawapo ikiwa Pelomedusa kobe wa hapa Tanzania, aliyepewa neno la lugha yetu wenyewe.

Vijana wale watatu walifungua mawe, wakafunga madumu jioni ileile. Alfajiri walipata kobe wawili wazima, wenye hasira, na mmoja akawaachia uvundo wake mikononi.