Kura Zikishapigwa Ndipo Maombi Yaanze: Kwa Mmisionari wa Bonde la Ufa

Wiki hii nimepata ujumbe wa mmisionari anayehudumu Uasin Gishu. Anauliza aandae vipi maombi ya amani ya uchaguzi wa Agosti 2027, na kama kesha moja kubwa la kabla ya kura litatosha. Halitatosha. Namjibu hapa kwa kuwa najua wengine wengi wana swali hilo hilo.

Shida ya kwanza ni kalenda. Makanisa ya Kenya huomba kwa bidii mwezi mzima kabla ya kura, hufunga, hukesha, kisha siku ya kura ikipita kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Tuangalie yaliyotokea. Kura za 2007 zilipigwa Alhamisi tarehe 27 Desemba, na siku yenyewe ilipita kwa utulivu. Moto uliwaka tarehe 30, matokeo yalipotangazwa na rais akaapishwa Ikulu jioni hiyo hiyo. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mapatano ya kumaliza ghasia hizo yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari, na Tume ya Waki, iliyozichunguza, ikaja kuhesabu vifo 1,133. Wakati wa kufa ulikuja baada ya wengi kusema Amina na kwenda nyumbani.

Basi fuateni kalenda ya Katiba. Tume ya Uchaguzi ina siku 7 baada ya kura kutangaza matokeo ya urais. Asiyeridhika ana siku 7 tangu kutangazwa kupeleka kesi Mahakama ya Juu, na mahakama ina siku 14 kuamua. Hizo ni siku 28. Mwaka 2022 kura zilikuwa 9 Agosti, tangazo 15 Agosti, uamuzi 5 Septemba. Gaweni siku hizo 28 kwa zamu za nyumba kwa nyumba, kila jumuiya siku yake, maana kundi moja likibeba yote litachoka wiki ya pili. Tena wekeni akiba ya nguvu: mwaka 2017 uamuzi wa 1 Septemba ulifuta matokeo, nchi ikarudi kupiga kura 26 Oktoba, na waombaji wengi walikuwa wameshaishiwa pumzi.

Sasa kikundi chenyewe. Watu 12 wanatosha, nusu kutoka kila upande wa wenyeji wanaoshukiana, na viongozi wawili wa jamii tofauti wanaopokezana. Ombeni kwa Kiswahili. Lugha ya mama ni tamu moyoni, lakini wiki hizo jirani asiyeielewa atakaa hapo akijiuliza anasemwa nini. Kutaneni saa nane mchana, mmalize saa tisa u nusu, ili wa mbali wafike nyumbani kabla giza halijaingia. Siku ya matokeo yenyewe msikusanyike kabisa. Kila nyumba iombe kwake, na viongozi wawili wapigiane simu. Mkutano wowote siku hiyo, hata wa nyimbo za sifa, utaonekana ni wa kusherehekea au wa kupanga kisasi.

Sala iandikwe. Najua ndugu zangu wa Kipentekoste hawapendi hili, lakini anayeomba kwa kufunuliwa papo hapo akiwa na hasira ya kura yake huteleza. Mfano ninaousisitiza kila ninapofundisha: mtu anasimama na Mathayo 13 anaomba, "Bwana, ng'oa magugu katika shamba letu." Kwake ni Maandiko. Kwa jirani wa kabila lingine katika Bonde la Ufa, ambako watu wameitwa kwekwe na madoadoa kabla ya kufukuzwa, hiyo ni notisi ya kuhama. Na katika mfano huo huo wa Yesu, mwenye shamba aliwakataza watumishi wake wasing'oe kitu! Kwa hiyo waombeeni watu kwa kazi zao: makarani wa vituo, wasimamizi wa uchaguzi, polisi, majaji. Kisha tajeni mshindi na aliyeshindwa, wote wawili kwa majina, katika sentensi moja.

Na msiombe amani ya kumnyamazisha anayelalamika. Hili linaniuma hadi leo. Neno amani limetumiwa mimbarani kumwambia aliyeibiwa akae kimya, na watu wakajifunza kutoliamini likitoka kinywani mwa mchungaji. Ombeni malalamiko yasikilizwe, fomu za matokeo zikaguliwe, kesi isikilizwe bila hofu. Februari 2008 Baraza la Makanisa la Kenya, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande. Kukiri kule kulikuwa kwema, ila kulikuja maiti zikiwa zimeshazikwa. Mchungaji, kama ulimwekea mgombea mikono na kumpaka mafuta mwezi Mei, usitegemee mtu wa upande wa pili akufungulie mlango Agosti. Kanisa la Kianglikana lilipowazuia wanasiasa kuhutubia ibadani, Septemba 2021, lilifanya jambo ambalo kila kanisa lingeweza kulifanya kesho asubuhi, bila mfadhili wala semina.

Kwako uliyetoka nchi nyingine kuna jambo moja zaidi: barua yako ya maombi kwa makanisa yanayokutegemeza. Ukiandika "kabila fulani limewashambulia watu wetu", barua hiyo itarudi kijijini kwa WhatsApp kabla ya jua kuzama, na "watu wetu" watajulikana ni akina nani. Andika hivi: "Familia 14 zimelala kanisani, tunahitaji maji na blanketi." Usitaje kabila, usitume picha ya majeruhi, wala usiandike jina la kijiji ambako watu wamejificha. Matokeo ya kura usiyaguse. Yeremia 29 iliandikwa kwa watu waliokuwa wageni katika mji wa wengine. Isome kila asubuhi ya wiki hizo nne.

Kama kanisa lako litakuwa kimbilio, jiandae kwa vipimo. Kiwango cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya dharura, ni mita za mraba 3.5 za kulala kwa kila mtu na lita 15 za maji kwa siku. Jengo la mita 20 kwa 10 linabeba watu 57, na tangi la lita 1,000 litawatosha siku moja na kidogo tu. Lenga choo kimoja kwa watu 20. Milango iwe miwili au zaidi, ifunguke kwa nje, na magodoro yasirundikwe karibu nayo. Andikisha kila kaya, na watoto waliofika bila mzazi wawe na daftari lao. Wanaotumia dawa za ARV, kifua kikuu, kisukari au presha wazungumze na kliniki mapema wawe na akiba ya mwezi. 2008 barabara zilipofungwa wengi walikatika dawa. Namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, iandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Na kama shirika lako litakuamuru uondoke, kubalianeni tangu Aprili nani anabaki na funguo, fedha na daftari. Mmisionari anayetoweka usiku bila kuaga huacha jeraha lisilopona haraka.

Baada ya uamuzi wa mahakama usikimbilie ibada ya kukumbatiana. Askofu Cornelius Korir wa Eldoret, aliyefariki 2017, aliwapokea maelfu katika uwanja wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lakini kupatanisha hakukuanza kwa kuwaketisha maadui pamoja. Kila upande uliongea peke yake kwanza, ukamaliza hasira zake. Kisha wachache wa pande zote wakakutana, halafu mikutano mikubwa zaidi, halafu kazi ya pamoja kama shule au barabara inayotumiwa na wote. Fuata mpangilio huo huo, na kila mkutano uchukue muda unaohitaji. Ukiona upande mmoja bado unahesabu makaburi yake tu, rudi kwenye vikao vya upande mmoja mmoja kwa wiki kadhaa kabla ya kujaribu tena.