Maswali ya Wasomaji: Mtaala wa Kuandika kwa Mtoto Anayekwepa Daftari

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka tisa, na tunamsomesha nyumbani kwa sababu kazi ya baba yake hutuhamisha mara kwa mara. Kusoma hana shida, na akikusimulia mechi ya mpira utadhani ulikuwa uwanjani. Lakini nikimwekea daftari hulia, huomba kwenda msalani, na baada ya saa nzima huwa ameandika mistari miwili. Wazazi wenzangu wanaisifu mitaala fulani ya kuandika kutoka Marekani, ambayo bei yake si ya mchezo. Vitabu vya Gredi ya Nne vya mtaala wetu wa Kenya pia ninavyo. Nichague upi? — Mama wa Tudor

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Usinunue kitu kwanza. Barua yako ina dalili moja inayostahili kutangulia bei na sifa za mtaala wowote, nayo ni kwamba mtoto anayesimulia mechi namna hiyo hakosi mawazo wala lugha.

Kuandika ni kazi mbili zinazofanyika kwa wakati mmoja: kichwa kinatunga sentensi, na papo hapo mkono unaunda herufi huku ukikumbuka tahajia, nafasi kati ya maneno, herufi kubwa na nukta. Kwa mtu mzima kazi ya pili hujiendea yenyewe. Kwa mtoto ambaye mkono wake haujazoea, kazi hiyo humaliza nguvu zote za akili, na sentensi nzuri aliyokuwa nayo hupotea kabla hajafika katikati ya mstari. Ukimkemea wakati huo kwamba ni mvivu, unamkemea mtu aliyechoka.

Kwa hiyo mpime kabla ya kumchagulia. Siku moja mwache akusimulie jambo alipendalo, nawe uandike neno kwa neno bila kumrekebisha. Siku ya pili mpe mistari mitatu ya maneno yake hayo hayo ainakili, ukae kando utazame mkono wake: je, anaikaba kalamu hadi vidole vinauma, anaanza herufi kutoka chini, anainua macho kwa kila herufi au anaweza kubeba neno zima? Kama anakwenda madrasa, fungua pia daftari lake la huko. Akiwa anataabika vivyo hivyo katika herufi za Kiarabu, ambazo huandikwa kutoka kulia, basi taabu iko mkononi wala si katika Kiingereza au Kiswahili. Ikiwa ananakili kwa wepesi lakini huganda mbele ya ukurasa mtupu, kinachomshinda ni kupanga mawazo. Na anayefuta hadi karatasi itoboke mara nyingi anaogopa kukosea.

Nikifuata ulivyoeleza, nashuku mkono. Mtoto wa namna hii hufaidika na mtaala unaozitenganisha zile kazi mbili. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyeishi kati ya 1842 na 1923, aliwataka watoto wadogo wasimulie kwa mdomo walichosomewa, na akauacha utunzi wa maandishi hadi wakue. Mitaala mingi ya wanaosomesha nyumbani imejengwa juu ya msingi huo: mtoto husimulia, hunakili sentensi moja au mbili zilizoandikwa vizuri, kisha baadaye huandikishwa imla. Masomo ni mafupi, dakika kumi hadi kumi na tano, na mtoto hatakiwi kutunga na kuandika kwa pumzi moja mpaka mkono uwe tayari.

Njia nyingine ni ile ya mtaala wa Kimarekani uitwao Institute for Excellence in Writing, ambao Andrew Pudewa ndiye mwalimu wake anayejulikana sana. Humo mtoto husoma aya fupi, huchota maneno makuu yasiyozidi matatu katika kila sentensi, kisha huijenga aya upya akitazama maneno hayo tu. Anayeganda kwa kukosa pa kuanzia hupata ngazi ya kupandia. Ila kuna orodha za mapambo ya lugha ambazo mtoto hutakiwa kuzitimiza, na nimewahi kusoma insha zilizotimiza orodha nzima zikabaki kavu. Mtaala wa Brave Writer wa Julie Bogart huelekea upande wa pili: mzazi huyanasa maneno ya mtoto kama yalivyotoka, na baadaye mtoto huandika kwa uhuru kwa dakika chache bila kusahihishwa. Unamfaa mwoga, lakini unataka mzazi mwenye nafasi na subira, wala haukupangii kila siku ufanye nini.

Yote hiyo imetungwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake peke yake ni mzigo. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mimi ningeanza nacho, mkono ukishapata kasi ndipo nipeleke mbinu zile zile kwenye Kiingereza. Kuna tahadhari moja kwetu sisi watu wa Mombasa. Mtoto aliyelelewa na Kimvita, lahaja yetu ya hapa, ataandika “ndia” na “mato” badala ya “njia” na “macho”, na akikuta wino mwekundu juu ya maneno ya nyanya yake ataona kwamba hata anachokijua si sahihi. Rasimu ya kwanza iache ipite, na katika kunakili safi mwoneshe namna vitabu vinavyoandika.

Basi chukua usimulizi, kunakili na imla, na maudhui uyatoe katika vitabu ulivyo navyo. Hakikisha vimeidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, maana akirudi shuleni, au akifika Gredi ya Sita penye mtihani wa kitaifa wa KPSEA, atapimwa kwa mtaala huo. Jambo hilo lizungumze mapema na ofisi ya elimu, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule. Baada ya mihula miwili, ukiona anahitaji msaada wa kupanga mawazo, ndipo ufikirie kulipia ile njia ya maneno makuu, na uombe kwanza sampuli ya masomo ya wiki nzima. Jalada halikwambii kitu. Hesabu mambo mapya anayodaiwa katika somo moja, na uangalie mada: sioni sababu ya mtoto wa Tudor kueleza theluji ilhali anaweza kueleza foleni ya feri ya Likoni, au kumwandikia shangazi yake bango la kuuzia mabuyu lenye bei na ladha zake.

Ikiwa baada ya muhula mmoja wa kunakili kila siku vidole bado vinamuuma na herufi hazitulii, mpeleke katika kituo cha tathmini ya elimu, maarufu kama EARC. Wapo watoto wenye disigrafia, yaani tatizo la kujifunza linalofanya kuandika kuwe kugumu, na hao hawaponi kwa kubadilishiwa vitabu.

SWALI: Mwalimu, binti yangu wa miaka kumi na miwili hutunga hadithi ndefu kwenye kompyuta, lakini kwenye karatasi hamalizi nusu ukurasa. Nimwachie kompyuta, au nimnyang’anye? — Baba wa Likoni

JIBU: Mwachie, ndugu yangu. Hadithi ndefu ni ushahidi kwamba anajua kutunga, na kumnyang’anya chombo anachotungia hakutamfanya aipende kalamu. Mitihani yetu ya insha, hata hivyo, hufanywa kwa karatasi, kwa hiyo kila siku anakili kwa mkono aya moja ya hadithi yake mwenyewe, kwa dakika kumi, na saa ikigonga aache hata kama hajamaliza. Halafu zima kisahihishi cha tahajia akiandika Kiswahili, kwa sababu programu nyingi hupigia mstari mwekundu maneno yaliyo sahihi kabisa.